Bela ikaguliwe bandani, si shambani

Boma Rhodes, nyasi ya malisho inayokaushwa kuwa hei, haisubiri spea. Ikianza kutoa maua inatakiwa ikatwe, ilale juani siku mbili tatu, ikusanywe, ifungwe. Ukichelewa, shina linakuwa gumu, protini inashuka, na hasara utaiona kwenye ndoo ya maziwa. Na majani yaliyokwisha katwa ndiyo yenye haraka zaidi: bela, mashine ya kufunga majani makavu kuwa marobota, ikigoma yakiwa yamelala kwenye mistari, manyunyu ya jioni moja yanatosha kuyageuza rangi na kuyatia ukungu. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi ufanyike mwezi mzima kabla ya kukata. Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Iringa, mashine ziwe zimefunguliwa na kuangaliwa kufikia Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha. Mwezi huo si wa kazi yenyewe, maana ukaguzi humalizika kwa siku chache. Ni wa kusubiri spea, kwa sababu sindano ya bela au diski ya kushikia kamba huipati kwenye kila duka la vipuri vya trekta.

Ninayoeleza hapa ni seti ya kawaida ya wafugaji wetu: mashine ya kukatia yenye ngoma mbili, reki, na bela ya marobota madogo ya mstatili, yale yenye upana wa sentimita 46 na kimo cha 36, yanayofungwa kwa kamba mbili. Trekta nitaliacha. Fundi wa trekta yupo kila mji. Fundi wa bela ni wa kutafuta kwa tochi.

Kabla ya kugusa chochote, trekta lizimwe na ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwenye swichi. Flaiwili ya bela, gurudumu lake la kutunza mwendo, ni nzito, na ukiisukuma kidogo inaendelea kuzunguka yenyewe huku kisu kikipita ndani ya chemba ya kushindilia majani. Mwenye mkono mle ndani hana nafasi ya kuuvuta.

Anza kwa kutoa majani ya msimu uliopita. Wengi huacha robota la mwisho ndani ya chemba miezi yote, na majani hayo hunyonya unyevu, yanatia kutu sakafu ya chemba na reli za pistoni inayoshindilia majani, na panya wanazaa humo. Yatoe yote. Legeza pia skurubu mbili za nyuma zinazobana robota. Ndizo zinazoamua ugumu wake, na zikikaa zimebanwa mwaka mzima springi zake zinachoka. Halafu kagua matundu ya vifunga fundo. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na kipande cha udongo mkavu kikiingia kati ya diski na kishikizo chake, kamba haishikwi. Puliza kwa kompresa na usugue kwa brashi. Maji ya presha usiyaelekeze kwenye beringi, kwa maana yanasukuma uchafu ndani na kutoa grisi nje.

Sasa kifunga fundo chenyewe, ambacho nakitengea muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu matatizo mengi ya bela shambani huanzia hapo. Kila kamba ina kifunga fundo chake, na kila kimoja kina vitu vitano vya kuangalia: diski inayoshika ncha ya kamba, mdomo unaozunguka na kuviringisha kamba, ulimi wa mdomo huo unaobana ncha, kisu kinachokata, na mkono unaofuta fundo litoke mdomoni. Pitisha kidole kwenye mdomo wa kufungia. Uwe laini kabisa, wa kung'aa. Kutu kidogo tu au mkwaruzo unatosha kulikwamisha fundo, basi usugue kwa msasa mwembamba mpaka kidole kisisikie kitu. Kisu kiwe kikali. Kikiwa butu kinavuta kamba badala ya kuikata, na ncha zinatoka zimechambuka kama ndevu.

Ukishasafisha, pitisha kamba kama siku ya kazi, funga ncha zake kwa nyuma, kisha mtu mmoja azungushe flaiwili kwa mkono polepole huku mwingine akiinua kifyatuo cha vifunga fundo. Izungushwe kuelekea mbele tu. Ukiirudisha nyuma sindano zikiwa ndani ya chemba unaweza kuzipinda. Angalia sindano zinavyopanda: zipite karibu na fremu ya kifunga fundo bila kuikwaruza kwa nguvu, ziweke kamba ndani ya mwanya wa diski, zishuke. Rudia mpaka upate mafundo kadhaa kutoka kila upande, uyaweke mezani na kuyasoma.

Fundo lenyewe linakuambia pa kushika. Likikwama mdomoni mpaka kamba ikakatika, ulimi umebana kupita kiasi, au mkono wa kufutia haugusi mgongo wa mdomo uso mzima. Likitoka legevu na kufunguka ukilivuta, springi ya ulimi imelegea. Fundo likiwa na kamba moja tu, angalia ncha ya ile iliyokosekana. Ikiwa imekatwa au kusagika, kishikizo cha diski kimebana mno na kinaikata. Ikiwa ndefu na nzima, kimelegea na kamba imechomoka. Na ikiwa kamba iliyokosekana ni ile iliyoletwa na sindano, usiguse diski kabisa: kosa liko kwenye sindano, au kwenye vidole vinavyoisogeza kamba mahali pake.

Kanuni mbili hapa zina faida kuliko vifaa vya gharama. Kwanza, geuza kitu kimoja kwa wakati mmoja, tena robo mzunguko wa nati au chini ya hapo, kisha ufunge fundo jingine kabla ya kugeuza tena. Pili, kifunga fundo kinachofanya kazi vizuri usikiguse. Ndicho mfano wako wa kurekebishia mwenzake. Nimeona bela nzima iliyoharibiwa kwa mchana mmoja kwa sababu mtu alilegeza springi nne kwa pamoja na asijue ipi ilikuwa sawa.

Kamba nayo inahesabika kama spea. Ya katani na ya plastiki hazina unene mmoja wala utelezi mmoja, kwa hiyo ukibadilisha aina lazima ujaribu mafundo upya. Binafsi napenda katani. Ni zao letu tangu mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alipolileta Tanganyika mwaka 1893, na kipande kikidondoka malishoni kinaoza, wakati cha plastiki kinaweza kumezwa na ng'ombe na kubaki tumboni. Ila katani ihifadhiwe pakavu, mbali na panya, na uikague isiwe na sehemu nene na nyembamba zinazopishana, maana hapo ndipo fundo linapokosea. Kamba ivutwe kutoka katikati ya bunda. Ukiunganisha mabunda mawili tumia fundo bapa na ukate masalio yake mafupi, lipite kwenye tundu la sindano bila kukwama.

Breki ya sindano husahaulika. Kazi yake ni kuzishikilia sindano nje ya chemba mpaka wakati wa kufunga. Ikilegea, au mtu akiipaka grisi kwa nia njema, sindano zinateleza kuingia ndani na pistoni inazigonga. Isafishwe iwe kavu na ibanwe kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Hakikisha pia vizuizi vya springi ndani ya chemba vinarudi ukivisukuma kwa kidole gumba. Vikikwama kwa kutu, majani yaliyoshindiliwa yanarudi nyuma na kujaa njia ya sindano, nawe utahangaika na vifunga fundo visivyo na kosa lolote.

Visu vya pistoni vinahitaji fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kuna kimoja kwenye pistoni na kingine kwenye chemba, na nafasi kati yake vinapopishana kwa kawaida ni milimita 0.4 hadi 0.8. Pima juu na chini, si katikati pekee, kwa sababu beringi za pistoni zikilika upande mmoja nafasi haiwi sawa. Kisu butu, au nafasi kubwa, utakijua kwa robota: ubavu wake mmoja una mikia mirefu, na ukitaka kutenganisha vipande vyake vinang'ang'aniana. Trekta nalo linakula dizeli zaidi na bolti ya flaiwili inakatika ovyo.

Bolti hiyo imewekwa ikatike. Ikiwa kitabu kinataka bolti ya daraja la 8.8, usiweke 10.9 iliyo ngumu zaidi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, wala usichomelee. Jiwe likiingia, kitu fulani lazima kivunjike, na bora iwe bolti kuliko giaboksi. Klachi ya msuguano iliyo karibu na flaiwili ina hatari inayofanana: ikikaa muda mrefu bila kazi sahani zake zinagandana kwa kutu na haitelezi tena. Pima urefu wa springi zake, zilegeze, iache iteleze kidogo hadi kutu itoke, kisha zirudishe kwenye urefu uleule.

Oili ya giaboksi ikiwa na rangi ya maziwa ina maji, imwage yote. Cheni zikiwa zimekauka, dizeli inasafisha tu, hailainishi, hivyo baada yake paka oili. Meno ya kuokotea yaliyovunjika yarudishwe, kwani pengo la meno mawili linaacha mstari wa majani shamba zima.

Shafti ya PTO, inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, naitaja peke yake. Itenganishe vipande viwili, ondoa grisi kongwe, paka mpya, ichezeshe ndani na nje. Krosi, yaani viungo vyake vya kupindia, zikiwa na mchezo zibadilishwe. Kifuniko cha plastiki kiwepo, kizima, na kizuiwe kwa mnyororo wake kisizunguke na shafti. Kwa mizunguko 540 kwa dakika, shafti inazunguka mara tisa kila sekunde, na kitenge au mkono wa koti ukinaswa hakuna anayewahi kuzima trekta.

Kwenye mashine ya kukatia, visu ndivyo vya kwanza. Vibadilishwe vyote vya ngoma moja kwa pamoja, kwa sababu kipya kikikaa mkabala na kilicholika ngoma inatikisika na beringi zinakufa mapema. Angalia upande wa kila kisu, kwani ngoma mbili huzunguka kuelekeana na visu vyake vinatofautiana. Pini zinazovishikilia zikiwa zimelika usizirudishe hata kama kisu ni kipya: kisu kinachochomoka kinaruka mbali sana. Kukizuia ndiyo kazi ya turubai la pembeni pia, kwa hiyo lililochanika lishonwe. Weka kimo cha kukata kati ya sentimita 5 na 10. Chini ya hapo unakata vichuguu na kuchelewesha majani kuchipua.

Reki ina neno moja tu: meno yaguse ardhi kwa shida. Yakichimba yanaleta udongo ndani ya robota, na udongo huo ndio unaofanya visu vya bela kuwa butu kabla ya wakati.

Mwisho washa bela tupu, uianzishe polepole mpaka ifike 540, uiache dakika 15, uzime, kisha ushike nyumba ya kila beringi. Isiyoshikika kwa joto ina tatizo. Kisha ipe hei ya zamani na ufunge marobota kama 10, ukipima kila moja: uzito usipishane sana, na kamba zote mbili zikaze sawasawa. Ikipita hapo, jaza sanduku la kwenda nalo shambani: bolti za flaiwili zisizopungua 10, meno ya kuokotea, springi na ulimi wa kifunga fundo, kiungo cha cheni, kisu cha kamba, visu na pini za ngoma, pampu ya grisi iliyojaa, na bunda moja la kamba zaidi ya mahitaji yako.