Kikao kikiwa kimya, mkuu aanze kujiuliza

Viongozi wanaokuja kwenye mafunzo yetu hapa Dodoma hupenda kuniuliza wafanye nini ili watumishi wao wajitume. Nami huwauliza: mara ya mwisho mtumishi wa chini yako kukupinga kikaoni ilikuwa lini? Wengi hukosa jibu.

Februari moja tulikuwa na safari ya kikazi kwenda Chemba. Kikaoni ratiba ikasomwa, masurufu yakapitishwa, mkuu wa msafara akauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. Kesho yake, saa nane mchana, tulikuwa tumesimama ukingoni mwa korongo lililofurika, magogo yakipita mbele yetu. Dereva akasema taratibu, "Nilisikia huku imenyesha sana, mzee. Nilijua hatutapita, ila sikuulizwa." Kikaoni alikuwepo, amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Maji yalipungua magharibi, na wananchi waliotusubiri walikuwa wameshatawanyika.

Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi miaka ya 1990 akitarajia kwamba zinazoelewana zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume: ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Alipofuatilia akaona kwamba wauguzi wa timu hizo walikuwa huru kuyasema. Kwingine makosa yalifichwa.

Hapa kwetu kusema ni kugumu zaidi. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, timu nyingi ni za watu waliokutanishwa na barua za uhamisho, hawajazoeana. Na kumheshimu mkubwa ni malezi yetu, sitaki tuyaache. Ila mdogo hawezi kuvunja ukimya huo peke yake. Ni kazi ya mkubwa.

Acha kuuliza "kuna mwenye swali?", maana jibu lake ni kimya. Uliza, "Mpango huu unaweza kukwama wapi?" kisha mtaje mtu kwa jina, ukianza na wa cheo cha chini. Maoni yako yaweke mwisho. Ukishasema wewe, wengine wataitikia tu. Na atakayekuletea habari mbaya mshukuru palepale, mbele ya wenzake, hata kama imekuuma. Ukimfokea huyo mmoja, wote waliopo wamejifunza kunyamaza, na utahitaji miezi kuwarudisha.

Kikao cha Jumatatu ijayo, anza na dereva.