Abiria ni "mtu wa tatu": maana yake kwenye fidia ya ajali ya gari

Mkataba wa bima ya gari una pande mbili, yaani kampuni ya bima na mwenye gari. Mwingine yeyote anayeweza kuumizwa na gari hilo huitwa mtu wa tatu: mtembea kwa miguu, dereva wa gari la mbele, na hata abiria aliyeketi kiti cha nyuma. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Wakisikia gari lina "bima ya mtu wa tatu peke yake", hudhani inamlinda yule wa gari lililogongwa, na wao waliokuwa ndani hawana chao.

Dhana hiyo haikuzuka hivihivi. Uingereza ililazimisha bima ya mtu wa tatu kwa sheria ya mwaka 1930, lakini mtu aliyepewa lifti bila nauli hakulazimika kukatiwa bima hadi ilipotungwa sheria nyingine mwaka 1971. Huko Marekani majimbo kadhaa yalikuwa na sheria zilizomzuia mgeni aliyebebwa bure kumdai dereva kwa uzembe wa kawaida. Mahakama Kuu ya California iliifuta ya jimbo lake mwaka 1973. Hoja iliyozibeba sheria hizo ilikuwa kwamba aliyefadhiliwa hapaswi kumshtaki mfadhili wake.

Siku hizi, katika nchi nyingi, haki ya abiria kudai inasimama juu ya jambo moja: uzembe wa anayeendesha. Dereva ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa kila anayeweza kudhurika na uendeshaji wake, na aliye karibu naye kuliko wote ni huyo aliyembeba. Abiria hakushika usukani, kwa hiyo ni nadra sana ajali kuwa kosa lake. Magari mawili yakigongana na madereva wote wamekosea, anaweza kuwadai wote wawili. Wao watagawana mzigo kulingana na kosa la kila mmoja, na ugomvi wao wa nani alaumiwe zaidi haumnyimi yeye haki.

Kinachowakwamisha watu mara nyingi ni aibu. Nitamshtakije shemeji yangu aliyenichukua kwa wema? Kwa kawaida dai hubeba jina la shemeji, lakini anayelipa ni kampuni ya bima, na kazi hiyo ndiyo shemeji aliyoilipia ada. Kunyamaza kwa kumwonea haya ni kuisaidia kampuni ya bima, si shemeji.

Mwenendo wa abiria mwenyewe huhesabiwa pia, ila mara nyingi hupunguza fidia badala ya kuifuta. Hii huitwa uzembe wa kuchangia. Mahakama za Uingereza, kwa kufuata shauri la Froom dhidi ya Butcher la miaka ya 1970, humpunguzia abiria ambaye hakufunga mkanda asilimia 25 kama mkanda ungezuia jeraha lote, asilimia 15 kama ungelipunguza kwa kiasi kikubwa, na hazipunguzi kitu kama mkanda usingesaidia. Kupanda gari la mtu unayejua kalewa nako kunahesabiwa: katika shauri jingine la miaka hiyohiyo, Owens dhidi ya Brimmell, abiria aliyekuwa akinywa pamoja na dereva wake alikatwa asilimia 20.

Si kila nchi hupita njia hii ya kutafuta mkosaji. New Zealand, tangu mwaka 1974, majeruhi hulipwa na mfuko wa umma bila kuulizwa nani alikosea, naye kwa upande wake hupoteza haki ya kushtaki ili alipwe fidia ya majeraha hayo. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1985, abiria aliyeumia mwili hulipwa na bima karibu mara zote.

Fidia yenyewe ina mafungu mawili. La kwanza ni hasara inayohesabika: matibabu, dawa, nauli za kwenda hospitali, mshahara uliokatika. Hili huthibitishwa kwa risiti, na asiye na risiti hujikuta akibishana mikono mitupu. La pili ni maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika. Halina risiti, kwa hiyo hutegemea ripoti ya daktari na viwango vilivyotolewa katika mashauri yaliyofanana.

Kwa maoni yangu hatari kubwa haiko mahakamani. Iko katika wiki chache za mwanzo, mtu angali na bandeji, anapoletewa hundi pamoja na karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho". Akishatia saini, goti likikataa kupona au mgongo ukianza kuuma miezi sita baadaye, dai kwa kawaida limekwisha. Kwa upande mwingine, kungoja sana kuna ukomo wake. Uingereza, kwa mfano, muda wa kawaida wa kufungua shauri la majeraha ni miaka 3. Ni vizuri basi kusubiri daktari aseme hali imetulia, huku tarehe ya ukomo ikiwa imeandikwa mahali pa kuonekana.