Kugandisha ndo kazi rahisi: rinki ya Central Park na maji yaliyo chini yake

Watu wakisikia nafanya kazi za rinki za barafu huku Marekani swali huwa ni lile lile, eti uwanja mzima mnaugandishaje? Jibu lake fupi tu aisee. Ukijua friji inavyofanya kazi umeshajua nusu: kuna kompresa, kuna gesi ya kupozea kama amonia au kabondayoksaidi, hiyo inapoza maji ya chumvi ya kalsiamu mpaka nyuzi kama -9 au -10 hivi, pampu zinayazungusha kwenye mabomba yaliyofukiwa ndani ya jamvi la zege, bomba na bomba vimeachana kama sentimita 10, halafu juu unamwagia maji kidogo kidogo mpaka barafu ifike unene wa sentimita 3 hivi. Basi, watu wanateleza.

Kinachotutoa jasho ni maji ambayo hatukuyamwaga sisi.

Chukulia rinki ya Lasker, ile iliyokuwa kaskazini kabisa ya bustani ya Central Park, New York, upande wa mtaa wa Harlem. Ilijengwa 1966, kiangazi bwawa la kuogelea, baridi ikija rinki. Wazo zuri, tatizo ni pale walipoiweka. Kuna kijito kinaitwa the Loch kinashuka bondeni kwenye msitu wa ile bustani, kinapita chini ya daraja la mawe la Huddlestone (mawe makubwa yamepangwa bila saruji, la tangu 1866, bado limesimama) halafu kinaingia ziwa dogo la Harlem Meer. Sasa hao wa 1966 wakaja kutua na zege lao katikati ya daraja na ziwa, kijito wakakiingiza kwenye kalvati chini ya jengo, wakadhani wamemaliza. Eneo lenyewe zamani lilikuwa kinamasi! Maji yana njia yake jamani, mvua kubwa ikinyesha yanataka kupita pale pale yalipokuwa yanapita, kwa hiyo Lasker ikaishi na mafuriko na kuvuja mpaka ikafungwa 2021 na kubomolewa.

Kwa nini fundi wa ubaridi ahangaike na kijito? Hapa ndo penye utamu. Jamvi la rinki halikai peke yake. Kutoka chini kwenda juu una udongo, kokoto zilizoshindiliwa zenye mifereji ya kutoa maji, kwenye rinki za kudumu kunakuwa na mabomba ya kupitisha kimiminika cha vuguvugu (ndiyo, tunapasha joto chini ya barafu), juu yake foamu ngumu ya kuzuia ubaridi usishuke, karatasi ya nailoni, ndo linakuja jamvi lenye mabomba na nondo. Lile joto la chini ni kwa sababu ubaridi ukivuka foamu ukafika kwenye udongo wenye unyevu, unyevu unaganda, na ukiganda unavuta maji mengine kutoka chini yaje nayo yagande, barafu inajengeka tabaka kwa tabaka humo ardhini inanyanyua jamvi. Nguvu yake usiombe, zege linapasuka, mabomba yanakatika, chumvi inavuja inakula nondo na miti ya jirani inaanza kukauka. Udongo mkavu hauna hayo matatizo. Kwa hiyo ukiwa bondeni kando ya ziwa, kabla hujazungumzia kompresa aina gani, niambie kwanza maji yanatokea wapi na yanaenda wapi.

Wale wa Nairobi mnaoijua ile rinki ya Panari, iliyofunguliwa 2005 na ndipo wanapotokea Ice Lions, timu ya hoki ya barafu, ile imo ndani ya jengo, hadithi yake nyingine. Rinki ya nje ya bustani inapambana na mvua, upepo, jua na majani. Majani tusiyadharau hata kidogo, jani moja jeusi likidondoka kwenye barafu linanyonya jua linachimba kishimo, na mtoto akipita na kiatu chenye chuma anaenda chini. Ndo maana barafu ya nje tunaipaka rangi nyeupe irudishe jua, na ndo maana nagombana na wasanifu wanaopenda kupanda miti inayopukutisha kila kitu mwezi wa kumi na moja, pale pale msimu unapofunguliwa. Kivuli nakitaka sana, ila miti yake ikae upande wa kusini, mbali kidogo na barafu.

Kusini mwa bustani hiyo hiyo kuna rinki nyingine, Wollman. Ilifungwa 1980 ifanyiwe matengenezo, jiji likaamua kuacha maji ya chumvi na kupitisha freoni, gesi ya friji, moja kwa moja kwenye mabomba ya uwanja ili kubana umeme, mabomba yakavuja, ikaenda miaka 6 na zaidi ya dola milioni 12 bila barafu. 1986 akaja Donald Trump, wakati huo mwenye majengo tu, mafundi wake wakarudi kwenye maji ya chumvi na mwezi wa 11 watu wakateleza. Siasa za hapo pelekeni kwingine, mimi nasema kama fundi: gesi kwenye maelfu ya mita za bomba ndani ya zege ni kujitafutia kesi, bomba likitoboka uvujaji hata huuoni. Maji ya chumvi yakivuja angalau utayakuta.

Turudi Harlem. Kilichojengwa badala ya Lasker kinaitwa Davis Center, kimefunguliwa Aprili 2025, gharama dola milioni 160 hivi, 60 za jiji na zilizobaki za Central Park Conservancy, shirika linaloitunza bustani hiyo, na wafadhili wake. Walichofanya cha maana kwanza ni kukitoa kijito kwenye kalvati na kukirudisha juu ya ardhi mpaka ziwani. Jengo wakalichomeka kwenye mteremko, paa lake majani, ukitokea juu unaweza kupita usijue kuna vyumba chini. Kando ya ziwa kuna njia ya mbao inayopita kwenye visiwa vidogo na matete. Uwanja wenyewe kiangazi ni bwawa, baridi ni rinki, katikati ya misimu ni uwanja wa kijani wa kukaa na kucheza. Kwa zege hilo si mchezo, likipoa linanywea, likipata joto linatanuka, mwaka hadi mwaka, kila kiungio kinapimwa hapo.

Malalamiko yapo na nayaelewa. Lasker ilikuwa na rinki mbili, sasa ni moja, na Harlem kuna watoto wanaocheza hoki tangu miaka ya 80, kwa hiyo masaa ya barafu yamekuwa ya kugombania kati yao na wale wanaokuja kuteleza tu. Ningekuwa mezani ningepigania nafasi ya rinki ya pili hata ndogo, ila sio pale kijito kinapopita.