Je, wajua kwa nini msoma mawazo hukipata kitu ulichokificha?

Jumamosi moja jioni, katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji la Mwanza, mzee aliyekwisha kuvuka miaka sabini alitolewa nje na vijana wawili, mlango ukafungwa, ili sisi tuliobaki ndani tufiche sarafu ya shilingi mia mbili mahali popote tupendapo. Kazi hiyo alikabidhiwa mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mama yule aliangaza macho huku na huku, akaenda hadi mstari wa saba, akaipenyeza sarafu ndani ya soksi ya mtoto mchanga aliyekuwa amelala mapajani mwa mzazi wake. Ilikuwa soksi ya mguu wa kushoto. Nalitaja hilo kwa sababu litatufaa baadaye.

Mzee aliporudi, alifungwa kitambaa cheusi machoni, kisha akamwomba mama yule amshike kifundo cha mkono. “Usinambie neno, mama yangu,” alimwambia. “Wewe nielekeze kwa mawazo tu. Nikikosea, niambie moyoni kwamba nimekosea.” Wakaanza kutembea, tena kwa haraka, yeye akiwa mbele kidogo. Alipitiliza mstari wa saba kwa hatua mbili, akasimama ghafla, akarudi. Akainama mbele ya yule mtoto, akanyoosha vidole kuelekea mguu wa kulia, akasita, akahamia wa kushoto, akatoa sarafu. Mtoto hakuamka. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini, “Huyu ana majini,” na sidhani kama alikuwa akitania.

Wasanii wa aina hii huitwa wasoma mawazo, na ni ndugu wa wanamazingaombwe, ingawa badala ya karata na njiwa wao huchezea kile ambacho watazamaji wanaamini kimefungiwa kichwani mwao. Swali ni jepesi kuuliza: kama mama hakusema neno, na mzee hakuona kitu, habari za soksi ya kushoto zilipita wapi?

Zilipita mkononi. Binadamu akilifikiria tendo kwa nguvu, misuli yake huanza kulitenda kabla yeye mwenyewe hajaamua, kwa kiasi kidogo mno hata asijitambue. Mwaka 1852 daktari Mwingereza William Carpenter aliueleza mwendo huu, unaozaliwa na wazo lenyewe wala si na nia ya mtu, lakini mkemia Mfaransa Michel Chevreul alikuwa amekwisha kuuchunguza na kuuandikia mwaka 1833, kwa kifaa ambacho kila nyumba inacho. Funga nati au pete kwenye uzi wa urefu wa shubiri moja, egemeza kiwiko mezani, ning'iniza uzi juu ya karatasi uliyoichora msalaba, kisha usifanye lolote ila kuwaza kwamba nati inayumba kutoka kushoto kwenda kulia. Baada ya muda mfupi kwa watu wengi itaanza kuyumba hivyo hivyo, nao wataapa kwamba hawajaigusa. Badili wazo, iwaze ikizunguka, nayo itazunguka. Chevreul aligundua pia kwamba alipofumbwa macho mwendo ulififia, maana mkono hauna tena kitu cha kuufuata. Uzi hautendi muujiza wowote. Unakuza tu mtikisiko wa vidole ambao jicho lisingeuona.

Sasa weka kifundo cha mkono wa mzee mzoefu mahali pa uzi. Mama yule alipokuwa akiwaza “hapana, umepita,” mkono wake ulibaki nyuma kidogo, ukawa mzito kama kasia linaloburuzwa majini. Alipowaza “ndiyo, hapo hapo,” uzito ule uliondoka. Ndiyo maana mzee hutembea haraka: anayekimbizwa hapati nafasi ya kuudhibiti mkono wake, na mvutano huwa mkubwa zaidi. Ndiyo maana pia, kabla ya kuchukua hatua ya kwanza, aliuzungusha mkono hewani nusu duara, jambo ambalo ukumbi mzima uliliona kuwa madoido. Alikuwa akipima ni upande gani mkono unakuwa mwepesi. Na ile amri ya kumwambia mwongozaji awaze kwa nguvu ndiyo ufunguo wa kazi yote, kwa kuwa kuwaza kwa nguvu na kusukuma taratibu ni jambo moja kwa misuli. Soksi ya kulia iliguswa kwa makusudi. Mzee hakujua ni ipi, basi akauliza kwa vidole, na mkono wa mama ukamjibu.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1870 Mmarekani J. Randall Brown alijaza kumbi za nchi yake kwa kutafuta vitu vilivyofichwa, na mwaka 1877 daktari George Beard akaandika kwamba Brown hasomi akili bali anasoma misuli. Baada yake akaja Washington Irving Bishop, aliyefikia hatua ya kuendesha gari la farasi mitaani akiwa amefungwa macho ili akatafute kitu kilichofichwa mbali. Maelezo yalikwisha kutolewa, yakachapishwa, na watu wakaendelea kununua tiketi. Sioni ajabu, kwa sababu kujua jinsi ngoma inavyowambwa hakujamzuia mtu kucheza.

Kuna wanaotafuta bila kumshika mtu. Hapo kazi ni ngumu zaidi, ila chanzo hakibadiliki. Aliyecheza kombolela utotoni anakumbuka kwamba mtafutaji mjanja hapotezi muda kuchungulia kila kichaka. Huwatazama waliokwisha kukamatwa, kwa sababu macho yao huenda wenzao walikojificha, na wakijizuia kutazama huko, basi huko ndiko wasikotazama kabisa. Ukumbi wa watu mia mbili nao hufanya hivyo. Mtafutaji akikaribia, minong'ono hukatika, viti huacha kulia, mtu hukohoa. Akienda kombo, watu hulegea na kuchekacheka. Mwongozaji anayetembea nyuma yake hupunguza hatua pale ambapo hataki kupapita, na miguu juu ya sakafu ya saruji husikika vizuri hata kwa aliyefungwa kitambaa.

Mkongwe aliyefahamika zaidi kwa mchezo huu alikuwa Mmarekani aliyejiita Kreskin, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki Desemba 2024. Kwa miongo kadhaa alikuwa na desturi ya kuwapa watazamaji hundi ya malipo yake ya usiku ule waifiche, kwa sharti kwamba asipoipata, haichukui. Mara nyingi aliipata. Mara chache aliikosa, akaondoka mikono mitupu, na naamini kushindwa kule kulimjengea jina kuliko ushindi, kwa kuwa mashine haikosei, ila binadamu anayetafuta hukosea. Mwanamazingaombwe wa karata anapozeeka vidole humsaliti. Msoma mawazo hana hasara hiyo: miaka humwongezea maelfu ya mikono aliyokwisha kuishika, na mvi humpa heshima inayowafanya watu watii anapowaambia wawaze.

Nisiwadanganye kwamba onyesho zima ni misuli. Wapo wanaopeleleza habari za watazamaji mapema, zipo bahasha zinazofunguliwa kwa siri na karatasi zinazobadilishwa, na msanii mzuri huchanganya mbinu hizi hata anayeijua moja adanganywe na nyingine. Vilevile zipo kauli zinazomfaa kila mtu. Jioni ile mzee alimwambia bwana mmoja kwamba ana jambo alilolianza akaliacha katikati, na kwamba watu humwona mkimya ilhali ndani ana maneno mengi. Bwana akatikisa kichwa kwa mshangao. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kile alichokiita uchambuzi wa tabia ya kila mmoja wao, akawataka waupe alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi unavyowafaa. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale, ambayo Forer aliyaokota kwenye kitabu cha unajimu.

Huku Kanda ya Ziwa kauli za namna hiyo hazijaishia jukwaani. “Kuna mtu wa karibu yako anakuonea kijicho” ni sentensi inayomfaa kila mwenye jirani, na ikitamkwa na mpiga ramli baada ya mtoto kuugua, jirani mwenyewe anaweza kupoteza maisha. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, na maneno “ramli chonganishi” hadi leo husikika katika mikutano ya vijiji. Kwa hiyo sikumshangaa yule aliyetaja majini. Nilimshukuru zaidi mzee, ambaye kabla ya kuanza alisema wazi kwamba yeye ni msanii, hatibu, haagui, na hana uwezo wowote asiouzoeza.

Kipimo cha kutofautisha akili inayosomwa na mwili unaosomwa kilipatikana kwa farasi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mwalimu mstaafu wa hisabati jijini Berlin, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aitwaye Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato: ukimuuliza tatu jumlisha nne, anagonga mara saba na kuacha. Tume ya wataalamu ilimchunguza mwaka 1904 bila kuona hila. Baadaye mwanasaikolojia Oskar Pfungst akafanya jambo dogo tu: alihakikisha kwamba muulizaji mwenyewe halijui jibu. Hans akapotea kabisa. Akazuiwa asimwone muulizaji, akapotea tena. Ilibainika kwamba kila muulizaji huinama kidogo akitazama kwato, na kwato ikifika idadi sahihi, kichwa chake hunyanyuka kwa kiasi kidogo mno, naye hana habari. Von Osten hakuwa tapeli. Naye alikuwa haijui siri ya farasi wake.

Nilikuwa nikilikumbuka jambo hilo wakati mzee akipigiwa makofi, ndipo kijana mmoja wa viti vya nyuma aliponyoosha mkono akaomba mchezo urudiwe. “Shikamoo, mzee. Safari hii naomba anayekuongoza naye atoke nje wakati tunaficha, asijue ilipo.”

Mzee alivua kitambaa, akamtafuta kijana kwa macho, akacheka hadi akashika meza.

“Marahaba, mwanangu. Hapo sasa umenifungia duka.”