Je, wajua? Unajuaje kuwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kuna theluji kama hujawahi kuupanda mlima?

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu wa Moshi akiinua macho anakiona Kibo cheupe juu ya mabati. Jicho linamwambia kuna kitu cheupe kule juu, basi. Kwamba ni theluji na barafu, si chokaa, hilo ameambiwa.

Epistemolojia, tawi la falsafa linalochunguza maarifa, hutaja vyanzo kadhaa: hisi, kumbukumbu, akili inayojenga hoja, na ushuhuda, yaani neno la mtu mwingine. Wanafalsafa wa Nyaya, madhehebu ya falsafa ya India, waliuhesabu ushuhuda tangu kale. Ulaya ndiko ulikozua ubishi. Mwaka 1748, mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alisema neno la mtu lipimwe kwa yale ambayo uzoefu umekwisha kutuonyesha. Mskoti mwenzake, Thomas Reid, akampinga mwaka 1764: tumeumbwa kuamini tunachoambiwa hadi tupate sababu ya kushuku, la sivyo mtoto asingejifunza kitu.

Hume alitoa mfano wa mwana wa mfalme wa India aliyekataa kuamini kuwa maji huganda kwa baridi, na Hume akaona mwana huyo alikuwa na sababu nzuri. Miaka 100 baadaye yakatokea yayo hayo kuhusu mlima wetu. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro na kuitolea taarifa. Kule London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta?

Wala Cooley hakuhitaji kusafiri ili ajue kuwa inawezekana. Joto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Moshi, mita 900 hivi, hadi kileleni ni kama mita 5,000. Mjini kukiwa na nyuzi 25, juu ni chini ya sifuri kwa nyuzi 7 hivi. Tena Chimborazo, mlima wa Ekwado ulio karibu na ikweta, ulijulikana kuwa na theluji muda mrefu kabla ya Rebmann. Kosa la Cooley, kwa maoni yetu, ni kuudhania uzoefu wake mfupi kuwa ndio kanuni ya dunia. Mwaka 1862 wasafiri Wajerumani Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hadi mita 4,300 hivi, theluji ikawaangukia.

Ushuhuda nao una mtego wake, hasa pale mashahidi wengi wanapokuwa kwa kweli ni mmoja. Muulize mwongoza watalii wa Arusha, fungua kitabu cha jiografia, soma kibao cha kileleni: wote watakujibu mita 5,895. Hao si mashahidi watatu, maana wote wanarudia kipimo kilekile cha mwaka 1952. Kipimo cha satelaiti cha mwaka 1999, kilichofanywa upya kabisa, kilitoa mita 5,892.