Wifi, hiyo siagi ya kopo si siagi

Hii ni mara ya nne tangu mwaka uanze. Wifi yangu wa Tanga kanitumia picha ya biskuti alizooka: trei nzima ina kitu kimoja, bapa, chenye mashimo mashimo, kingo zimeungua na katikati panang'aa mafuta. Chini yake kaandika, "Wifi, za huko. Nimefuata vipimo vyako vyote. Mbona zimetambaa?"

Nikamuuliza katumia siagi gani. "Ya kawaida tu." Ya kawaida ipi? Ikaja picha ya pili, na mle ndani nikaona kopo la plastiki la majarini, kijiko bado kimesimama humo.

Nafanya kazi kwenye bekari hapa Edinburgh, Uskoti, mwaka wa tisa sasa. Kabla hakujapambazuka huwa nishapima siagi ya shotibredi, ile biskuti ya Waskoti ya kumumunyika mdomoni, na ninapofika nyumbani jioni nguo zangu zinanuka siagi hata mume wangu ananicheka. Kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza niyamalize mepesi. Hakuna mayai. Hakuna beking pauda. Hakuna maziwa, na vanila si lazima. Sukari sehemu moja, siagi sehemu mbili, unga sehemu tatu, kwa mzani na si kwa vikombe: gramu 100, 200, 300, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sukari yetu ya dukani ina chembe kubwa, isage kidogo kwenye blenda. Unga uwe wa ngano wa kawaida, sio ule uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani. Basi.

Sasa siagi.

Bibi yangu aliyekuwa akisukasuka maziwa kwenye kibuyu alijua siagi ni nini: ni kile kinachojikusanya juu, unakitoa kwa mkono, na ukikichemsha unapata samli. Neno lilikuwa na mwenyewe. Kisha yakaja makopo ya majarini, watoto tukapakiwa kwenye mkate kabla ya kwenda shule, na tukaambiwa hiyo ndiyo siagi. Leo ukisema siagi dukani unapewa kopo, na ukitaka siagi yenyewe inabidi ujieleze kama mtu anayeomba dawa: "siagi ya maziwa, ile ngumu, ya kwenye friji." Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya Napoleon III kutaka mbadala wa siagi ulio rahisi kwa bei. Ni mbadala tangu siku yake ya kuzaliwa. Sina ugomvi nayo kwenye mkate wa chai.

Kwenye shotibredi ninao ugomvi, na si wa ladha peke yake.

Kwa sheria za hapa, kitu kinachouzwa kwa jina la siagi lazima kiwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80, na maji yasiyozidi asilimia 16. Makopo mengi ya kupaka kwenye mkate yana mafuta pungufu sana ya hapo. Geuza kopo usome. Tuseme limeandikwa asilimia 60. Katika gramu 200, zinazobaki ni gramu 80, na karibu zote ni maji. Siagi ingekupa gramu 32 za maji kwa wingi wake. Kwa hiyo wewe uliyeapa kwamba hukuongeza hata tone, umemimina kwenye unga wako kikombe cha kahawa, kile kidogo cha muuza kahawa wa barazani. Na kazi ya mafuta kwenye biskuti hii ni kuzizunguka chembe za unga ili maji yasizifikie na gluteni, zile nyuzi za unga zinazovutika, isijijenge. Hiyo ndiyo maana ya "short" katika jina lake. Hawakumaanisha fupi, walimaanisha kitu cha kuvunjika kirahisi. Ukitia maji, gluteni inaamka, na biskuti inakuwa ya kutafuna.

Halafu kuna kutambaa. Majarini ya kopo imetengenezwa ili ipakike ikitoka tu kwenye friji. Maana yake sehemu kubwa ya mafuta yake haigandi hata kwenye baridi. Ikiingia kwenye oveni inakimbia kabla unga haujapata nafasi ya kushikana. Siagi nayo inayeyuka, lakini taratibu, na inamalizika kuyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hadi 35 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wako. Ndiyo sababu shotibredi nzuri hupotea yenyewe ulimini. Mafuta magumu ya kiwandani, yanayohitaji joto zaidi ya hilo, yanakuachia utando kwenye kaakaa, unajikuta unalamba meno kama mtu aliyekula mchuzi wa mbuzi uliopoa.

Nikubali jambo moja ambalo wenzangu wa hapa hawapendi nilitamke. Majarini ya mche, ile ngumu ya kuokea yenye mafuta asilimia 80, haitambai. Nimeijaribu. Biskuti ilisimama vizuri, ikavunjika vizuri, mteja angeiona kwenye sahani asingeshtuka. Tatizo lilianza alipoiweka mdomoni. Katika keki ya iliki na maganda ya limau unaweza kuficha mengi, lakini hapa kuna vitu vitatu tu na kimoja kikiwa bubu utasikia ukimya wake. Yale manukato ya shotibredi yanatoka kwenye zile chembechembe za maziwa zilizobaki ndani ya siagi, zinazogeuka rangi polepole ndani ya oveni.

Wengine wataniuliza samli. Samli haina maji, inavunjika vizuri kupita kiasi, na harufu yake ni nzuri, ila umeshatoka Uskoti: umeoka nankhatai, ile biskuti ya Kihindi ya samli. Weka iliki, na chai ya maziwa pembeni, wala usijione umeshindwa. Mimi mwenyewe Idi huwa sioki shotibredi.

Joto la jikoni ni balaa jingine. Kitabu kitakwambia siagi iwe "ya joto la chumba". Chumba gani? Chumba cha Edinburgh kina nyuzijoto 18, Tanga mwezi wa pili mchana 32. Hiyo si siagi laini tena, ni supu. Wewe ikate vipande vidogo ikiwa ya baridi, uifikiche kwenye unga na sukari kwa ncha za vidole hadi iwe chenga, kisha ukusanye donge kwa kulibana. Viganja viache kando, vina joto. Ukiona vidole vinang'aa mafuta, bakuli zima liende kwenye friji dakika ishirini, na wewe kanywe maji.

Vitabu pia vinasema usikande hata kidogo. Nimewatii miaka miwili. Siku hizi nakanda mara tano, sita, kiasi donge liache nyufa, na biskuti zangu hazijawahi kuwa ngumu kwa sababu hiyo. Na unga wa mchele wanaosifia kwamba unaleta ukwaruzo mzuri? Naweka vijiko viwili kwa mazoea. Niliwahi kuoka trei mbili, moja nao na moja bila, nikafumba macho nikaonja. Nikachagua ile isiyokuwa nao, nikiapa kwamba ndiyo yenye unga wa mchele.

Umbo upende mwenyewe. Wengine hukata vijiti vinene. Wengine husawazisha donge kwenye chombo cha duara, wakabonyeza ukingo kwa vidole na kukata pembetatu. Hizo wanaziita "petticoat tails", yaani pindo za gagulo. Utaambiwa Mary, Malkia wa Waskoti, alizipenda zikiwa na kisibiti, na wengine watasema jina ni Kifaransa kilichosikika vibaya. Watalii wanapenda hadithi ya malkia, nami nawasimulia, ingawa siiamini hata nusu.

Unene uwe sentimita moja na nusu. Toboa kwa uma mpaka chini, mvuke upate pa kutokea. Nyuzijoto 160, dakika 35 hadi 45, na usisubiri rangi ya chapati: iwe kama mchanga mkavu, na ukingo uwe na wekundu kidogo tu. Ikitoka itakuwa laini na utadhani ni mbichi. Usiirudishe. Nyunyiza sukari, pitisha kisu palepale ingali ya moto, kisha iache ipoe ndani ya chombo chake. Ukisubiri ipoe ndipo ukate, utapata makombo, na watoto watakaa karibu nawe wakiombea uharibu zaidi.

Wifi kajibu jana usiku. Kaona bei ya siagi ya maziwa, kasema kwa pesa ile ananunua kuku. Hapo sina jibu, hata hapa imepanda tunaisikia. Nimemwambia aoke nusu: gramu 50, 100, 150, sahani ndogo, wageni wawili. Kauliza ile trei iliyotambaa aifanye nini. Aiponde, aichanganye na maziwa ya nazi yaliyochemka na iliki, wala asimwambie kaka.