Gitaa la umeme kutoka gogo la mwarobaini

Mtu akifika karakanani kwangu na kuliona gitaa la umeme, swali la kwanza huwa ni la mbao: umeagiza kutoka nje? Nikimjibu kuwa bodi ni mwarobaini uliokatwa uani ili kupisha ukuta, wengine hudhani nimekosa kitu bora. Sikukosa. Mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mahogani na mkangazi, unaoitwa Meliaceae. Ukikauka vizuri haulemei bega, unashika skrubu barabara, na mchwa hauupendi. Wachongaji wa Mombasa na Malindi wameuchonga kwa miaka mingi badala ya mpingo na muhugu.

Gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, linategemea ubao wake wa juu utikise hewa, kwa hiyo mbao yake huchaguliwa kwa makini sana. Gitaa la umeme halifanyi kazi hivyo. Chini ya nyuzi kuna pikapu: sumaku zilizozungushiwa koili ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika unavuruga uga wa sumaku, na mvurugo huo unazalisha umeme mdogo ndani ya koili, kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi chochote hapo. Kazi ya bodi ni kukaa imara, isipinde wala kuinyonya nguvu ya uzi. Mapema katika miaka ya 1940 mpiga gitaa Mmarekani, Les Paul, alifunga nyuzi na pikapu juu ya boriti ya msonobari ya inchi 4 kwa 4, kisha akapachika mabawa ya gitaa la kawaida pembeni ili lifanane na gitaa. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, na baba yake, walioanza kujenga gitaa lao mwaka 1963, shingo waliichonga kutoka mbao ya meko ya zamani. Gitaa hilo limepigwa katika viwanja vikubwa duniani.

Kwa hiyo jina la mti halinisumbui. Kinachonisumbua ni maji yaliyomo ndani yake.

Gogo bichi lipasuliwe mapema, kabla halijaanza kujipasua lenyewe. Mimi napasua mbao za milimita 55 kwa bodi itakayobaki na 45, kwa sababu kukauka na kupiga randa kutakula zilizobaki. Ule moyo laini wa katikati kabisa ya gogo nautupa, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Mbao husinyaa karibu mara mbili zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea katikati ya gogo. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa ovyo hujikunja kama kigae. Chagua vipande ambavyo pete zake, ukitazama ncha ya ubao, zimesimama wima au karibu na wima.

Siku hiyohiyo zipake ncha rangi ya mafuta au nta. Maji hukimbilia nje kupitia ncha kwa kasi kubwa kuliko kupitia ubavu, na ncha ikitangulia kukauka inapasuka. Panga mbao kivulini, penye upepo, juu ya vipapi vya unene mmoja, na kila kipapi kikae sawasawa juu ya mwenzake wa chini. Weka uzito juu. Mafundi wa zamani huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na kwa mbao nene sijaona sababu ya kuwabishia. Mwenye haraka apasue mbao nyembamba, azikaushe, kisha aunganishe bodi kwa gundi. Ni njia halali kabisa, na mara nyingi bodi ya namna hiyo hutulia kuliko kipande kimoja.

Usikisie ukavu kwa kugonga na kusikiliza. Pima. Andika uzito wa ubao kwa chaki ubavuni kila wiki; uzito ukigoma kushuka, mbao imelingana na hewa ya mahali pako. Ukitaka namba, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 103 za Selsiasi hadi kisipungue tena, kisha gawa maji yaliyopotea kwa uzito mkavu. Natafuta asilimia 12 hivi. Pwani mbao itagota juu kidogo ya hapo, basi iingize chumbani ikae na wewe kabla ya kuichonga.

Nyuzinyuzi za mwarobaini hupishana, tabaka hili likilala huku na lile kule, na randa butu itazing'oa. Noa sana, kata kidogokidogo, maliza kwa msasa. Na vaa barakoa: vumbi lake ni chungu na linawasha pua na koo vibaya.

Kwa sababu hiyohiyo ya nyuzinyuzi kupishana, shingo siichongi kwa mwarobaini. Shingo ndiyo gitaa. Seti ya kawaida ya nyuzi sita kwenye urefu wa milimita 648 huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 40, usiku na mchana. Natumia mninga, ambao husinyaa kidogo sana na hutulia, nikiupasua vipande vitatu na kukigeuza cha kati kabla ya kugundisha. Ndani napitisha fimbo ya chuma ya kurekebishia mpindo. Ubao wa freti, vile vijiti vya chuma vinavyogawa sauti shingoni, ni mpingo, mabaki ya wachongaji kama wale wa Mwenge, Dar es Salaam. Mti unaozama majini na kuchukua miongo mingi kukua haufai kukatwa kwa ajili ya kipande cha milimita 6 wakati mabaki yapo.

Freti hazikubali makadirio. Gawa urefu wa uzi kwa 17.817: kwa 648 unapata 36.37, hapo ndipo freti ya kwanza. Gawa urefu uliobaki kwa namba ileile upate ya pili, yaani 70.70 kutoka mwanzo, na uendelee. Ya 12 lazima iangukie 324 kamili. Unapochora, pima kila freti kutoka kwenye mfupa wa kichwani, pale nyuzi zinapoanzia, usipime kutoka freti hadi freti, la sivyo kosa la nusu milimita litaongezeka njia nzima.

Umeme ni mfupi. Koili ya mizunguko kama 8,000 ya waya wa milimita 0.06, poti moja ya kupandisha na kushusha sauti, na jeki ya kuchomekea waya wa spika. Tandika karatasi ya alumini kwenye shimo la pikapu na uiunganishe na ardhi ya jeki pamoja na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi; mngurumo wa umeme wa nyumbani utapungua sana.

Mwisho, piga uzi ukiwa umebanwa freti ya 12, ulinganishe na sauti ya kuugusa tu hapohapo. Uliobanwa ukiwa juu, rudisha daraja nyuma. Ukiwa chini, lisogeze mbele. Masika ikiingia, kagua shingo tena na uzungushe fimbo robo mzunguko kama imepinda.